Maji na magoti: mwongozo kwa mwenye viungo vinavyouma na kwa anayemtunza

Wazee wetu wa pwani waliuita ugonjwa wa viungo baridi yabisi. Baridi kila mtu anaijua. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichokauka, kilichokakamaa. Jina lenyewe, basi, limebeba fikra kwamba kiungo kinachouma ni kiungo kilichopigwa na baridi kikakosa unyevu. Ndiyo maana mtu akiambiwa kuwa maji yanaponya magoti, huamini palepale. Kilichokauka si kinyweshwe?

Mama yangu ana magoti yaliyosagika. Anaishi Tanga, mimi naishi Dar es Salaam, na kwa miaka miwili nilikuwa nikimpigia simu kumhimiza anywe maji. Kila mara alinijibu, "Nakunywa, mwanangu." Nilipopata likizo nikakaa naye wiki tatu, nikaona kwa macho yangu: ikishapita adhuhuri hagusi kikombe. Maji yalikuwepo mtungini, safi na ya baridi, na kiu alikuwa nayo. Sababu ilikuwa nyingine kabisa, nami nitaieleza katika hatua ya tatu, kwa kuwa naamini ndiyo inayowafanya wazee wengi wakae na kiu ndani ya nyumba zenye maji.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane maji yanafanya kazi gani ndani ya kiungo.

Ncha za mifupa inapokutana zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini na telezi. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wa gegedu ni maji. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo chakula chake hukipata kwenye uteute unaolizunguka ndani ya kiungo. Uteute huo ni kidogo mno: wa goti zima la mtu mzima mwenye afya haujazi hata kijiko cha chai. Ukitaka kujua unavyofanya kazi, chukua dodoki lililolowa. Ukilikamua, maji yanatoka. Ukiliachia, linayafyonza tena. Gegedu nalo hufanya hivyohivyo kila unapokanyaga na kuinua mguu, na kwa njia hiyo hulishwa na kutolewa taka. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo nazo hupungukiwa maji mchana kutwa kwa kubeba uzito wako, kisha huyarudisha usiku ukiwa umelala. Ndiyo maana asubuhi unaamka ukiwa mrefu kidogo kuliko ulivyokuwa jioni, wakati mwingine kwa sentimita moja na zaidi.

Hapo ndipo wauzaji wa "tiba ya maji" wanapoanzia, na ndipo wanapopotosha. Maji unayokunywa hayaendi moja kwa moja gotini. Yanaingia kwenye damu, figo zinayapima, na mwili unagawa. Gegedu lililosagika halioti upya kwa sababu umeongeza glasi tatu. Anayekuuzia maji, ya kawaida au ya mashine, kama dawa ya goti lililosagika anakula pesa yako. Lakini yako mambo manne ambayo ukosefu wa maji unamuumiza mwenye maradhi ya viungo kwa hakika: jongo (gauti), selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), dawa za maumivu zinapokutana na figo kavu, na udhaifu unaomwangusha mzee mwenye magoti mabovu. Mwongozo huu ni wa mambo hayo.

Hatua ya kwanza: jua ugonjwa wako ni upi

Watu wengi husema "nina miguu" au "nina baridi" wakajumlisha kila kitu. Magoti yanayouma ukipanda ngazi au ukiinuka kitini, kwa mtu aliyepita miaka 50, mara nyingi ni kusagika. Kidole gumba cha mguu kinachovimba ghafla usiku, kikawa chekundu na cha moto kiasi kwamba hata shuka likikigusa unapiga kelele, hiyo inafanana na jongo, ambayo wengi siku hizi huiita gauti. Vidole vya mikono yote miwili vinavyovimba na kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi, wiki baada ya wiki, vinaelekeza kwenye baridi yabisi yenyewe, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo. Huyo wa mwisho anahitaji daktari mapema, maana kila mwezi anaochelewa viungo vinaharibika, na maji hayatamsaidia katika hilo.

Hapa niseme neno kuhusu "goti lililojaa maji", kwa sababu limewatesa wengi. Nimewasikia watu wakipunguza kunywa maji kwa kuamini kwamba ndiyo yanayojaa gotini. Sivyo. Goti likikasirika, ngozi nyembamba iliyo ndani yake hutengeneza uteute kupita kiasi. Hata ukikaa na kiu siku tatu, goti halitapungua, na wewe utaugua.

Hatua ya pili: uliza kama una kikomo

Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, mwenye figo zilizochoka, au mwenye ini lililoharibika hadi tumbo likajaa maji, huenda daktari amempangia kiasi cha kunywa kwa siku. Huyo afuate alichopangiwa, asifuate mwongozo huu. Ukiona miguu inavimba ukibonyeza pabaki shimo, au unakosa pumzi ukilala chali, nenda ukapimwe kwanza.

Hatua ya tatu: anza na choo

Hii ndiyo hatua niliyoirukia miaka miwili.

Siku ya nne ya likizo yangu nilimuuliza mama kwa upole, "Mama, mbona maji huyanywi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nikinywa nitakwenda chooni. Nikienda nitachuchumaa. Nikichuchumaa, nani ataniinua?"

Choo kiko uani, cha kuchuchumaa, na sakafu yake hulowa. Kila safari kwake ilikuwa maumivu na hofu ya kuanguka. Alichofanya ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu: akapunguza maji ili apunguze safari. Gharama yake ikaja kwa njia nyingine, akawa anapata choo kigumu, mkojo ukawa unamwunguza, na akisimama asubuhi anaona kizunguzungu. Mtu mwenye magoti mabovu akishikwa na kizunguzungu huanguka, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia mtu anywe, mtengenezee njia ya kutoa. Haya ndiyo tuliyofanya.

Tulimwita fundi seremala akatengeneza kiti cha mbao kisicho na mgongo, chenye shimo katikati, kinachokaa juu ya tundu la choo. Kimo chake ulipime kwa mwenyewe: asimame, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, kisha ongeza sentimita tatu au nne. Kwa watu wengi itakuja kati ya sentimita 45 na 50. Kiti kikiwa kifupi, magoti yatateseka vilevile. Miguu ya kiti itanuke kwa chini na ifungwe vipande vya mpira wa tairi ili isiteleze. Wengine hutoboa kiti cha plastiki. Mimi nilikikataa, kwa sababu miguu ya plastiki hupanuka kwenye sakafu yenye maji, na mtu mzito akikaa upande mmoja kinamtupa.

Ukutani weka bomba la chuma la kushikia, lichimbiwe kwa saruji, upande wa mkono wake wenye nguvu. Kamba au msumari si kitu cha kumtegemea mtu anayeinuka. Kwaruzeni sakafu kidogo kama ni laini mno, ili isiteleze. Weka taa, au tochi mahali pamoja pasipobadilika.

Chumbani weka ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya usiku, iwe ndani ya kiti kingine cha namna hiyohiyo. Mama alikataa mwanzoni kwa aibu. Nilimwachia dada yangu alizungumze naye, maana mambo mengine binti mkubwa huyasema vizuri zaidi. Wiki moja baadaye alikubali.

Kisha punguza safari za usiku bila kupunguza maji. Sehemu kubwa ya maji anywe kabla ya alasiri, na saa mbili za mwisho kabla ya kulala anywe kidogo tu, ya kumezea dawa. Kama miguu huvimba jioni, alale miguu ikiwa juu ya mto kwa muda alasiri, ili maji yaliyojikusanya miguuni yarudi kwenye damu na kutoka kabla ya usiku. Kama anakunywa kidonge cha presha kinachokojoza, muulize daktari kama kinaweza kunywewa asubuhi. Na kama anaamka zaidi ya mara mbili kila usiku kukojoa, apimwe sukari, na mwanamume apimwe pia tezi dume.

Hili la choo si la wazee peke yao. Mama anayeuza mboga sokoni, dereva wa daladala, mwalimu wa shule yenye vyoo viwili kwa watoto mia nne, wote hawa hukaa na kiu kwa makusudi. Kama ni wewe, tafuta mapema mahali pa kwenda: msikiti, kituo cha mafuta, hoteli ndogo unayonunua chai kila siku. Zungumza nao mara moja, mpatane.

Hatua ya nne: pima kwa chupa

Habari ya "glasi nane" haina msingi wa kukaririwa kama sheria. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, mwaka 2010, ilikadiria kwamba mwanamke mzima anahitaji maji lita 2 kwa siku na mwanamume lita 2.5, katika hali ya hewa ya kadiri na kazi isiyo nzito. Kiasi hicho ni pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula, ambayo kwa kawaida ni kama sehemu moja ya tano. Kinachobaki kunywewa ni lita 1.6 hivi kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume. Anayenyonyesha anaongeza mililita 700.

Kwetu, anayekula ugali na dagaa wakavu na anayekula wali wa nazi na mchuzi mwingi hawawezi kuhitaji kikombe sawa. Joto la Tanga mwezi wa Februari nalo si joto la Lushoto mlimani. Chukua takwimu hizo kama mahali pa kuanzia.

Tafuta chupa ya lita moja na nusu, ijaze asubuhi kwa maji yaliyochemshwa, iweke mahali mtu anapokaa, si jikoni. Kwa mwanamke mzee asiyefanya kazi ya jua, chupa hiyo ikiisha kufikia jioni, pamoja na chai yake na mchuzi wake, yuko mahali pazuri. Mwenye vidole vilivyokakamaa hawezi kufungua kifuniko cha chupa wala kuinua jagi lililojaa. Mmiminie kwenye kikombe chepesi chenye mikono miwili, au mpe bilauri ndogo mara nyingi. Mama anapenda maji ya mtungini, na mtungi ni mzuri sana kwa kuwa unapoza bila umeme, ila uoshwe kila wiki, ufunikwe, na kata isiguswe ndani kwa mkono.

Usisubiri mzee aseme ana kiu. Umri ukisonga, kengele ya kiu hudhoofika, na anaweza kukaukiwa bila kuisikia. Funga kunywa na mambo anayoyafanya kila siku: akiamka, akimeza dawa, kila baada ya swala ya mchana au kila taarifa ya habari redioni.

Hatua ya tano: tazama mkojo

Mkojo wa manjano hafifu, kama maji yaliyokamuliwa ndimu kidogo, ni ishara njema. Ukifanana na chai ya rangi na ukawa mchache na wenye harufu kali, kunywa maji. Ukiwa mweupe kabisa kutwa nzima na unakwenda chooni kila nusu saa, umepitiliza, punguza.

Rangi hudanganya mara nyingine. Vidonge vya vitamini B huufanya uwe wa manjano kali. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huufanya uwe wa rangi ya chungwa. Lakini mkojo wa rangi ya kola pamoja na macho ya manjano, au mkojo wenye damu, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Nimeitaja dawa ya kifua kikuu kwa sababu nyingine pia. Pirazinamaidi, ambayo hutumika miezi miwili ya mwanzo ya matibabu, huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, na wagonjwa wengi hupata maumivu ya viungo. Ukiyapata, mweleze mhudumu wa kliniki. Usiache dozi.

Hatua ya sita: chagua kinywaji

Maji ya kawaida yanatosha. Ya moto au ya baridi, ni uamuzi wako. Maji baridi hayagandishi chochote ndani ya kiungo, kwa kuwa yanafikia joto la mwili kabla hayajaenda popote. Chai na kahawa zinahesabika. Kahawa chungu ya barazani haikukaushi kama inavyosemwa, maana maji yaliyomo ni mengi kuliko yanayotolewa.

Soda ndiyo adui. Chupa ya kola ya mililita 350 yenye sukari ya kawaida ina sukari ya karibu gramu 35, kama vijiko tisa vya chai. Sukari ya matunda iliyomo ndani yake huongeza asidi ya yuriki mwilini, na uzito nao unapanda. Kwenye goti uzito una hesabu kali: kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua unayokanyaga. Kwa maoni yangu, faida kubwa kuliko zote ambayo maji yanampa mwenye magoti yaliyosagika ni hii ya kuchukua nafasi ya soda.

Sasa supu ya makongoro na maji ya bamia. Mantiki ya watu inaeleweka: makongoro yana utelezi, bamia zina utelezi, na goti "limeishiwa mafuta". Ila tumbo haliupeleki utelezi gotini. Ute wa bamia unabaki utumbo mpana kama nyuzinyuzi, na unasaidia choo, jambo ambalo ni jema. Makongoro huvunjwavunjwa yakawa protini kama ya nyama nyingine. Kama unaipenda supu hiyo na huna jongo, kunywa kwa raha zako, ni maji na ni chakula. Mwenye jongo akae mbali na supu nzito za nyama.

Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi, hivyo mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe bila ruhusa. Tikiti maji na tango ni maji zaidi ya asilimia 90, na mzee asiyependa kikombe huyakubali bila ubishi.

Hatua ya saba: kama ni jongo, maji ni sehemu ya matibabu

Asidi ya yuriki hutokana na kuvunjika kwa purini, ambazo ziko katika chembe za mwili wetu na katika chakula. Theluthi mbili hivi hutolewa na figo. Damu ikibeba zaidi ya miligramu 6.8 kwa desilita, yaani kama maikromoli 405 kwa lita, asidi hiyo huanza kuganda kuwa fuwele kama sindano, na huganda kwa urahisi zaidi penye baridi. Kidole gumba cha mguu kiko mbali na moyo na ni cha baridi. Usiku nao mtu hanywi maji kwa saa nyingi. Ndipo shambulio linapokuja saa nane za usiku, hasa baada ya harusi au siku ya jasho jingi.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulionyesha kwamba nyama na vyakula vya baharini vinaongeza hatari ya jongo, lakini mboga zenye purini haziongezi. Kwa hiyo yule jirani anayekukataza maharage, kunde na mchicha kwa sababu ya gauti anakunyima chakula kizuri bure. Punguza maini, figo, dagaa na nyama choma. Acha bia kwanza kabla ya vyote, kwa kuwa inaleta purini na wakati huohuo inazuia figo kuitoa asidi.

Kwa mwenye figo na moyo salama, lengo ni lita 2 hadi 3 kwa siku, zikigawanywa, na bilauri moja kabla ya kulala. Kwake safari moja ya chooni usiku ina thamani. Shambulio likija: pumzisha mguu, uinue, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 au 20, kunywa maji, na tafuta dawa kwa mtaalamu siku hiyo.

Ila tusidanganyane. Aliyeshambuliwa mara kwa mara hatapona kwa maji. Anahitaji dawa ya kushusha asidi, kama alopurinoli, kila siku, na kipimo kibaki chini ya 6 (maikromoli 360). Ukiwa tayari unaitumia, usiiache kwa sababu shambulio limekuja. Na kama unameza kidonge cha presha kinachokojoza, mwambie daktari, kwa kuwa dawa hizo hupandisha asidi, na huenda akakubadilishia.

Hatua ya nane: usimeze diklofenaki ukiwa mkavu

Natamani kila mwenye duka la dawa angewaambia wateja jambo hili. Diklofenaki, aibuprofeni na ndugu zao hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu mwenye maji ya kutosha huvumilia. Mtu anayeharisha, anayetapika, aliyefunga, au aliyeshinda shambani juani, figo zake tayari zimebanwa, na kidonge hicho kinaweza kuzizimisha. Hatari inaongezeka kwa anayetumia dawa za presha, na watu wenye umri wa magoti kuuma ndio haohao wenye presha.

Basi siku ya kuharisha au kutapika, usizinywe. Tumia parasetamoli kwa kipimo chake, na rudisha maji kwa chumvi ya kurudisha maji, pakiti kwa lita moja. Ikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu.

Hatua ya tisa: mtoto mwenye selimundu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na kwa mtoto huyu ukosefu wa maji ni moto. Chembe za damu zikikaukiwa hujikunja umbo la mundu, huziba mishipa midogo, na mifupa na viungo vyake huuma vibaya sana. Damu isipofika kwenye kichwa cha mfupa wa paja kwa muda, mfupa hufa pale, na mtoto anabaki akichechemea.

Figo zake haziwezi kuubana mkojo, kwa hiyo anakojoa sana na hukojoa kitandani hadi umri mkubwa. Tafadhali, mzazi mwenzangu, usimnyime maji jioni na usimchape kwa hilo. Mlaze kwenye turubai, mwamshe mara moja usiku, na mpe kikombe akiamka. Nenda shuleni mwenyewe, zungumza na mwalimu wa darasa: aruhusiwe kukaa na chupa yake na kutoka kwenda chooni bila kuomba mara tatu.

Hatua ya kumi: jua kali na mfungo

Kwenye kazi ya jua, kikombe kimoja, mililita 240 hivi, kila dakika 15 au 20 ni bora kuliko lita nzima kwa mkupuo mchana. Usizidishe lita 1.4 hivi kwa saa, maana chumvi ya damu itashuka na hiyo nayo inaua. Kula chakula chenye chumvi ya kawaida. Ndugu zetu walioko Oman wanajua kwamba kazi za nje zinapigwa marufuku saa 6:30 hadi 9:30 mchana, Juni hadi Agosti. Muda huo ni wa kunywa na kupumzika, si wa kibarua cha pembeni.

Ramadhani, gawanya maji kati ya futari na daku: bilauri mbili ukifuturu, moja kila saa hadi ulale, mbili za daku. Mwenye jongo au anayetumia dawa za maumivu kila siku amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apangiwe saa za dawa.

Hatua ya kumi na moja: tembea

Kumbuka dodoki. Likikaa tu bila kukamuliwa na kuachiwa, halibadilishi maji. Ukishakunywa, inuka. Keti kwenye kiti imara, inuka bila kusukuma kwa mikono kama unaweza, keti tena polepole, mara kumi, asubuhi na jioni. Ukiwa umekaa, nyoosha goti moja, hesabu hadi tano, shusha. Tembea dakika kumi uani au barazani. Goti lililosagika linaruhusiwa kuuma kidogo wakati wa mazoezi. Maumivu yakizidi na kubaki hadi kesho yake, punguza.

Usikae nyumbani ukinywa maji kama

Kiungo kimoja kimevimba, ni cha moto, na una homa: hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, na gegedu linaweza kuharibika ndani ya siku chache. Kama huwezi kabisa kukanyagia mguu baada ya kuanguka. Kama mtoto mwenye selimundu ana homa. Kama hujakojoa kwa nusu siku. Nenda hospitali ukiwa na maganda ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za dukani na za mitishamba, na mwambie daktari ni chupa ngapi za maji unamaliza kwa siku.

Mama sasa anamaliza chupa yake saa kumi alasiri. Magoti bado yanauma akipanda ngazi ya baraza. Kizunguzungu kimeondoka, na juzi ameniagiza nimpelekee fundi kwa jirani yake, naye anataka kiti.